Tuwe Kama Akimana

...na huyu naye anajibu kama anaita abiria stendi ya Kasulu, nipo Mwalimu, nipo, mara mbili, kana kwamba mara moja haitoshi, haya, Ndihokubwayo yupo, weka alama, sitini na mbili yupo, kalamu inakaribia kuisha wino na ya akiba nimeiacha nyumbani juu ya redio, sitini na tatu, Nkunzimana, nipo, sauti kavu, ananitazama kwa mashaka maana nimemnyang'anya kazi yake, yeye ni kiongozi wa mstari wa tano, kila asubuhi yeye na viongozi wenzake kumi na wawili husimama na kutangaza, mstari wa kwanza wote wapo, mstari wa pili amekosekana mmoja anaumwa tumbo, na mimi najaza daftari la mahudhurio kwa dakika tatu bila kusikia jina hata moja, ndivyo tunavyofanya hapa Murungu, watoto mia moja sabini na mmoja wa darasa la pili na mwalimu mmoja, ukisema uite majina kila siku kipindi cha kwanza kitaisha hujashika chaki, lakini leo naita, nimeamua kuita, na wanaangaliana kama vile nimeingia darasani nimevaa viatu visivyofanana... sitini na nne, nipo, sitini na tano, nipo, wa kwenye madawati wanajibu kwa nguvu, wa sakafuni wanajibu kwa magoti, nikisema hivyo mtu wa mjini hatanielewa, lakini madawati ni ishirini na sita, kila dawati wanne, na waliobaki wamekaa chini juu ya magunia ya maharage na ukimwita mmoja lazima apige magoti ndipo aonekane, na mimi leo sitazami anayeonekana, naita macho yakiwa daftarini, kusudi, nataka masikio tu yafanye kazi, maana nikinyanyua macho nitamwona yule, mstari wa nane, ukutani, chini ya maandishi yangu mwenyewe ya rangi nyekundu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilipanda juu ya meza kuyaandika mwaka juzi na nikajisifu mwandiko... na Mwalimu Mkuu yuko dirishani, Mwalimu Tharsisi, kiwiko juu ya kingo, anasema pikipiki ya kupeleka takwimu wilayani iko tayari Mwalimu Mwanaheri, fomu zote zipo isipokuwa yako, anasema kwa upole wake ule wa kuharakisha watu, na mimi najibu namalizia mkuu, namalizia kuita, na fomu iko hapa chini ya kiganja changu cha kushoto, imejaa yote, wavulana themanini na wawili, wasichana themanini na tisa, matundu ya choo manne, isipokuwa kisanduku kimoja kule chini, wanafunzi wenye mahitaji maalumu, idadi, na mwaka jana, watoto hawahawa wakiwa darasa la kwanza nami nikiwafundisha chumba hikihiki, nilikijaza kwa sifuri, sifuri nzuri ya mviringo, haikunichukua hata pumzi moja.

Sitini na sita, nipo... akiitika nitaandika sifuri, ndivyo nilivyojiambia alfajiri nikifunga kilemba, nitaita majina yote moja moja, nikifika kwake nitaita kama ninavyowaita wengine, sitamtazama, sitapaza sauti, akiitika basi ya jana yalikuwa macho yangu na uchovu wangu, naandika sifuri kwa moyo safi, pikipiki inaondoka, na mwezi wa kwanza Mwalimu Mkuu anasaini barua yangu ya uhamisho na mimi narudi Kasulu kwa mama... na kama haitiki... sitini na saba, nipo, sitini na nane, kimya, anaumwa, nani kasema anaumwa, kaka yake wa darasa la nne, haya, weka duara. Jana nilikuwa nawasomesha mmoja mmoja mezani, mazoezi ya upimaji, kusoma kuandika kuhesabu, nimeanza wiki iliyopita na jana ndiyo nilifika kwa wasichana, akaja Akimana binti wa Bazilio na Pelagia, akaja kama anavyokuja siku zote, akapiga magoti mbele ya meza, akakutanisha viganja vyake, pa, pa, makofi mawili madogo kama bibi zao wanavyowasalimu wakubwa, macho chini, nami moyo ukanilainika maana watoto wa siku hizi hata wa huku wameanza kukusalimu wamesimama na mikono mfukoni, nikamwambia soma mama, mstari wa kwanza, akawa kimya, nikamwambia usiogope, kimya, nikasema kwa Kiha changu kile cha dukani cha kuungaunga, kimya, nikafikiri ni haya, binti wa watu ana haya, na papo hapo nje ya dirisha Mwalimu Evaristi akapiga kengele, na kengele yetu ni ringi la lori limening'inizwa kwenye mti hatua tatu kutoka hapa nilipokaa, miaka minne nalisikia na bado kila siku linanirusha, darasa zima likainuka kwa kishindo, mimi mwenyewe nikaangusha kalamu, na yeye... hakutikisika. Hata kope. Alibaki vilevile, magoti chini, macho chini, viganja vimekutana, mpaka alipoona miguu ya wenzake inampita ubavuni, miguu, ndipo akainuka akaifuata. Sitini na tisa. Nipo. Sabini, Reverien, Reverien, nipo Mwalimu, kachelewa, daftari limemfunika uso hadi puani sijui anasoma au analala, nimemwona kwa pembe ya jicho, nimesema sitatazama, sabini na moja.

Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, na mimi macho ninayo, mawili, mazima, na nimeambiwa na sikutazama, nimeambiwa na mvua, Mola nisamehe, mvua yenyewe imeniambia mwaka mzima... maana mabati haya hayana dari, ikinyesha huwezi kusema, unaweza kupiga ukelele hadi koo litoke damu na mtoto wa dawati la kwanza asikusikie, kwa hiyo siku za mvua sisemi, naandika ubaoni, nachora vijiti, nachora ndizi tatu jumlisha ndizi nne, nanyoosha kidole, wanafanya, na siku hizo za mvua nani alikuwa wa kwanza kuleta daftari, nani alipata kumi ya kumi, nikawa nacheka nasema huyu Akimana ni mtoto wa mvua, jua likitoka akili inakauka, nilisema hivyo ofisini wakacheka, Evaristi akacheka mpaka chai ikampalia, siku za mvua sote tulikuwa sawa naye, hakuna aliyesikia, na yeye ndiye aliyezoea... na siku za jua tunaimba, ba be bi bo bu, mia moja sabini na mmoja kwa sauti moja, darasa kubwa haliwezi kufundishwa ila kwa kuimba, na yeye alikuwa anaimba, nawaapia alikuwa anaimba, mdomo unafunguka, unafunga, unafunguka, nilimwona, nilimwona mdomo nikadhani nimesikia sauti, katika sauti mia na sabini nani atatambua moja haimo. Sabini na tatu, nipo, sabini na nne, Saady, nipo, kikohozi bado hakijamtoka, niliwaambia kwao wampeleke zahanati. Na makofi, na magoti, na macho chini, ningejuaje, nasema ningejuaje, mtoto huku hamtazami mkubwa usoni, mtoto mwema hajibu hadi aulizwe mara tatu, mtoto mwema hatulii tu bali ananyamaza, mimi ni wa Kasulu mjini, baba yangu Hashimu alikuwa na duka la vitenge, kwetu tunapiga domo kuanzia asubuhi, nilipokuja huku nikajifunza kwamba kimya ni heshima, nikajifunza vizuri mno, mwanafunzi hodari kupita kiasi, nikaona mtoto aliyejaa kimya nikasema huyu amelelewa... na nikamsimamisha mbele. Hilo ndilo linaloniuma, hilo, siyo fomu. Mwaka jana, paredi ya Jumatatu, nikamshika mkono nikampandisha juu ya kile kijukwaa cha matofali, nikawaambia watoto wote, mnamwona huyu, hapigi kelele, habishi, hasemi hovyo, nataka darasa langu lote liwe kama Akimana, wapigieni makofi, wakapiga, shule nzima, na yeye akatazama mikono ya watu inavyogongana akadhani wanamsalimu, akapiga magoti palepale juu ya matofali akawarudishia, pa, pa, na mimi machozi yalinilengalenga kwa ajili ya adabu ile.

Mwalimu Mwanaheri, anasema pale dirishani, jaza tu kama ya mwaka jana, watoto si walewale... watoto ni walewale mkuu, ndiyo, walewale, sabini na sita, nipo... anasema usitutafutie wageni, anajua ninachofikiri au anabahatisha, nilimgusia jana jioni, nilisema tu mkuu nafikiri nina mtoto mmoja hasikii vizuri, akafuta miwani, akasema ukiandika mmoja watakuja kuuliza kwa nini mwaka jana hakuwepo, na aliyesaini mwaka jana ni wewe na mimi, akasema mwaka ukiisha bila maneno barua yako ya Kasulu nitaisaini kwa mikono miwili, hakunitisha, hapana, Mwalimu Tharsisi hatishi mtu, ana walimu saba na watoto elfu moja na ushee, amechoka kama mimi, alisema kama mtu anayekuonyesha njia isiyo na tope, na njia isiyo na tope mimi naitaka, nani haitaki, mama yangu Siti yuko peke yake Kasulu katika nyumba ya vyumba vinne, anapika wali wa watu wawili halafu ananipigia simu anasema nimekosea tena kipimo... na mimi huku napika wa mtu mmoja. Miaka minne. Wananiheshimu, sisemi hawaniheshimu, nikipita njiani kina mama wanashusha majembe, mwakeye Mwalimu, wanapiga makofi, nami napiga, wanaendelea na maneno yao na kicheko chao nami naendelea na njia yangu, Kiha chao kinakwenda mbio kinanipita, nikiingia ndani nafunga mlango nawasha redio isinene kitu ila iwepo, kuna wiki zilipita hakuna aliyeniita Mwanaheri, Mwalimu tu, Mwalimu, mpaka jina langu nikilisikia kwenye simu nashtuka kama la mtu niliyesoma naye zamani. Aliyekuwa ananiita ni Dorcas.

Dorcas... sabini na nane, nipo... Dorcas na begi lake la kadi za picha na kikengele kidogo cha shaba, mwalimu wa elimu maalumu, mmoja kwa shule sijui ngapi, Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yetu, anatoka Kibondo mjini juu ya pikipiki ana vumbi hadi kwenye kope, alikuwa anakuja kwa ajili ya mvulana mmoja wa darasa la sita asiyeona, na mvua ikimfungia njia analala kwangu, anaacha viatu vyake mlangoni pembeni ya vyangu na ile jozi ya pili mlangoni ilinifanya nione nyumba ina watu, wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa na sufuria moja na yeye tumboni, anasimulia anacheka, ananiita Da Mwana, anasema Da Mwana wewe wali wako ni wa pwani huku unatafuta nini. Halafu yule mvulana akapata nafasi shule ya bweni. Dorcas akaniambia tukiwa jikoni, wanataka idadi, shule isiyo na watoto kwenye karatasi wanaifuta kwenye ratiba yangu, hebu nipe siku moja nipite darasani kwako niwapime, nina kikengele tu na kadi, na mimi nikasema siku moja nitaitoa wapi na mitihani hii, nikasema tena kwa kiburi, namsikia hadi leo mwanamke aliyesema hivyo, sauti ni yangu, hawa watoto wangu wa Murungu wazima, wanakula maharage, akasema hata mmoja Da Mwana, katika mia na sabini hata mmoja, nikasema hata mmoja. Nikaandika sifuri. Na Alhamisi ikafutwa. Nikakaa mlangoni Alhamisi mbili tatu nikisikiliza pikipiki nikalaumu ofisi, nikalaumu serikali, nikamlaumu hata Dorcas kwamba angeweza kuja kutembea tu, kumbe ni mimi, ni huu mkono, ulifuta mtu wangu mmoja na mtu wa Akimana mmoja kwa duara moja dogo, na mwenye kukosa zaidi siyo mimi niliyekuwa na redio. Themanini, nipo. Na Pelagia, mama yake, alikuja baada ya ile paredi na mkungu wa ndizi kichwani na kibuyu cha maharage, akapiga magoti katika ua wangu akalia, nikamwinua nikamwambia usilie mama, mtoto wako ni mfano wa shule, akazidi kulia, nikadhani furaha, niliamua ni furaha, leo najua alikuja na neno, alikuja nalo kutoka ng'ambo ya bonde akiwa amelibeba pamoja na ndizi, na mimi nikaliziba kwa sifa... angelitoaje tena, mwalimu amesema mtoto ni mfano, utasema nini wewe mkulima mbele ya mwalimu, labda aliogopa nikijua nitamrudisha nyumbani. Ndizi nilikula. Zilikuwa tamu.

Themanini na moja, nipo, themanini na mbili, nipo, wavulana wameisha, Mwalimu Mkuu anagonga kingo kwa ufunguo, to, to, to, taratibu, pikipiki imewashwa kule nje inanguruma, na mawingu yameshuka hadi kwenye mikaratusi, ikinyesha sasa nitaokoka, nikiita na mvua imeanza sitajua, hakuna atakayejua, ee mvua... haijafika. Na mwezi wa kwanza wanapanda darasa la tatu kwa Evaristi, hilo nalo, ni mwalimu mzuri wa hesabu lakini mkono mwepesi, anauliza swali kwa kunyoosha fimbo, asiyejibu anapata mbili, anaita kiburi, mtoto akikaa kimya mbele ya Evaristi ni kiburi, kimya kilekile nilichokipandisha jukwaani yeye atakichapa, kila siku, mbili, na yule atapiga magoti na makofi yake mawili na ataongezewa mbili nyingine kwa kumfanyia mwalimu mzaha, na haitamchukua mwaka, nawajua wanavyoacha shule, hawaagi, siku moja tu kiongozi wa mstari anasema amekosekana mmoja, kesho anasema wote wapo kwa sababu nafasi imeshajaa. Na mimi nitakuwa Kasulu, wali wa watu wawili, viatu jozi mbili mlangoni... akiitika. Akiitika tu. Ewe mtoto itika, mara moja, hata kwa kuguna, nitakusikia, nimenyamazisha hata pumzi yangu. Themanini na tatu, Adelina, nipo. Themanini na nne.

Akimana... nimeita. Nimeita kwa sauti ileile, nadhani, macho yako daftarini, ncha ya kalamu iko kwenye kisanduku chake, na ninangoja, na kile kimya kinakuja, mimi nilikuwa nadhani kimya kimoja ni kama kingine, wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu na mimi nilikuwa nawaandikisha watoto wainakili methali hiyo mara kumi, sasa naisikia, mia moja sabini hawapumui, pikipiki inanguruma, to, to, ufunguo, hebu nihesabu hadi kumi, labda hakusikia kwa sababu ya pikipiki, naita tena, Akimana, moja, mbili, tatu... na sauti inatoka siyo yake, ni Nkunzimana, kiongozi wangu wa mstari wa tano, kasimama, anasema kama anayetoa taarifa ya kawaida ya asubuhi,

"Yupo, Mwalimu. Huyo hasikii."

Hasikii... kalamu imetoboa karatasi, nimeona tundu kabla sijahisi mkono, nauliza toka lini, anasema toka la kwanza, na wengine wananong'ona ego, ego, ndiyo, toka la kwanza, hata kabla, kisimani pia hasikii, ukitaka kumwita unamrushia kijiwe kidogo mgongoni au unampungia, wote, wanajua wote, waliokaa chini na waliokaa juu, hata Saady na kikohozi chake, wameishi naye miaka hiyo wakimrushia vijiwe kwa upole na mimi peke yangu katika chumba hiki ndiye nisiyesikia. Nauliza, na sijui kwa nini nauliza kama ninayegomba, kwa nini hamkuniambia, na hapo wanainamisha vichwa, mstari kwa mstari, macho chini, heshima ile, adabu ile niliyoipenda, na Nkunzimana anahamisha uzito mguu mmoja kwenda mwingine, hataki kunikosea, anatafuta neno lisilo na kosa, analipata,

"Ulisema tuwe kama Akimana. Tukanyamaza."

Ndiyo nilisema. Nilisema juu ya matofali na wakanitii, hakuna darasa lililowahi kumtii mwalimu namna hii... naona haya hadi miguuni, naona haya kama mtu aliyekutwa uchi na watoto na watoto wakageuza nyuso wasimwone. Na yeye ameona nyuso zote zimegeukia kwake, maana sasa nimenyanyua macho, sikukusudia, yamenyanyuka, yuko pale chini ya maandishi mekundu ya asiyesikia la mkuu, kagutuka, anatafuta kwenye nyuso za wenzake kosa lake ni lipi, kisha anafanya anachokijua, anapiga magoti juu ya gunia lake, anakutanisha viganja, pa, pa. Natamani kufa. Hapana, sitamani kufa, natamani angenitazama usoni akanitukana. Mwalimu, anasema yule wa dirishani, kwa hiyo nini, mmoja, unaandika mmoja, sauti yake imeshuka, naye amesikia, hawezi kusema hakusikia, anasema haya basi andika huyo mmoja tujue moja, na kalamu iko juu ya kisanduku, mstari mmoja tu wa kushuka chini, moja, mwaka wangu mwingine Murungu, na mwingine baada ya huo, mama atapakua wali wa pili atautazama ukipoa... moja. Lakini kuna kitu hakinitulii, nani aliniambia ni moja, mwaka jana nilikuwa na hakika ya sifuri kwa hakika hii hii. Nawauliza, safari hii polepole, nani mwingine. Wanazidi kuinamisha vichwa. Nasema nimekosea mimi siku ile, msiwe kama Akimana, Akimana mwenyewe hakutaka kuwa kama Akimana, semeni, nani mwingine. Na vichwa havisemi ila vinageuka, kimoja, viwili, kuelekea nyuma, kwa Reverien na daftari lake la puani, na msichana mmoja sakafuni ananong'ona haoni ubao, mimi humsomea, na mwingine anasema na Firdausi huwa anaanguka tukienda kisimani anatoa povu, tunamlaza ubavu, tunamfunika kanga, tunamngoja, na Firdausi anaficha uso kwenye magoti, na bado vichwa vinageuka, huku, na kule, na mimi kalamu inanilemea mkononi.

Mwambie aende, mkuu, nasema, pikipiki iende, yetu itafuata. Anasema itafuata lini, Mwalimu. Nasema sijui, sijajua wangapi. Ananitazama, barua yangu ya Kasulu iko katika macho yake naiona kabisa, imekunjwa vizuri haina saini, kisha anatoa kiwiko dirishani na nasikia hatua zake, na pikipiki inaguna, inashuka bonde, inapungua, inakwisha. Jioni nitampigia Dorcas, simu yake sijaipiga miezi minane kwa kununa, nitamwambia jina langu kama hanitambui. Mvua bado haijafika. Kipindi cha kwanza kimekwisha sijashika chaki, watoto ni walewale mia moja sabini na mmoja, chumba ni kilekile, na mwalimu ni yuleyule mmoja, hakuna aliyeongezeka. Natoka mezani, napita katikati ya magunia nikiangalia vidole vya watu nisivikanyage, nafika mstari wa nane, napiga magoti nami mpaka uso wangu uwe chini ya macho yake aliyoyainamisha, asiwe na pengine pa kutazama, na naona ana kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikuwahi kulijua, nakutanisha viganja, namsalimu, na anaangalia mdomo wangu. Anaungojea. Kisha narudi mezani na kufungua daftari mwanzo, namba moja, na kabla sijaita nanyanyua uso kwanza.